Luteni alinipigia simu usiku, nikamwambia endelea

Shikamoo mzee.

Nimesoma majibu yako kwa mabaharia wengine muda mrefu, sikuwahi kufikiria na mi ntakuandikia siku moja, ila saivi ni usiku wa nne silali na sina mtu wa kumwambia, manake kila ninayemjua kwenye hii kazi ama yuko juu yangu ama yuko chini yangu.

Nina miaka 44. Nimetumikia jeshi la majini miaka 21, cheo changu ni kamanda. Nilianza kadeti nikapita kila ngazi, nikawa afisa mwongoza njia kwenye meli mbili, nikawa msaidizi wa nahodha, nikaenda kozi ya ukamanda na unadhimu, nikakaa makao makuu miaka 2 ya mafaili na vikao, alafu mwaka jana nikapewa meli yangu mwenyewe. Manowari ya doria. Mzee wewe unajua ile siku unapandishwa melini kwa filimbi na meli ni yako inavyokuwa, sitaki kueleza sana nitalia.

Wiki 3 zilizopita tulikuwa tunarudi kutoka doria. Nilikuwa macho karibu masaa 20 kwasababu injini moja ilisumbua mchana kutwa, kwahiyo saa 7 usiku nikaandika maagizo yangu ya usiku, nikasaini, nikashuka kabini. Niliandika wazi kabisa, nipigieni simu kina kikipungua kuliko kiasi hiki, nipigieni tukitoka nje ya mstari kuliko kiasi hiki. Zamu ilikuwa ya luteni wangu mmoja, kijana wa miaka 26, mzuri tu, mwangalifu. Tulikuwa na maafisa wa zamu wawili tu badala ya watatu, niliomba wa tatu kwa barua mara mbili sikupewa.

Saa 9 na dakika 10 usiku alinipigia. Mzee hili ndo jambo lenyewe. Alinipigia. Akaniambia afande kina kinapungua haraka kuliko chati inavyoonyesha na nadhani mkondo unatusukuma upande wa fungu la mchanga, na mi nikiwa nusu usingizi nikamwambia "sawa, endelea", nikaweka simu chini, nikalala. Nakumbuka. Natamani nisingekumbuka ila nakumbuka hadi baridi ya ile simu sikioni.

Dakika 24 baadae tukapanda fungu. Ilikuwa bamvua, ule wakati maji yanajaa na kupwa kwa wingi, na saa ile yalikuwa yanapwa, kwahiyo kila dakika tuliyojaribu kurudi nyuma ndo tulizidi kukaa. Tulikaa pale mpaka mchana maji yalipojaa, tagi ikaja ikatuvuta. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, baharia mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Propela na usukani vimeharibika, meli iko chelezoni na haitatoka leo wala kesho.

Asubuhi ile ile tukaandika maelezo ya kwanza. Mi niliandika mafupi, nilikuwa nimelala, nikaamshwa na mshtuko. Yote kweli, ila ile simu sikuiandika. Nikajiambia ntaiongeza baadae. Jioni luteni akagonga mlango wa kabini, akasimama wima, akaniambia, "Afande, mi ile simu sijaiandika." Basi. Akapiga saluti akaondoka. Sikumjibu kitu.

Sasa baraza la uchunguzi linakaa baada ya siku 12. Mkubwa mmoja ninayemheshimu, alinilea kwenye kazi, kaniita pembeni kaniambia usiongeze kitu ambacho hujaulizwa, maagizo yako ya usiku yapo kwa maandishi, yako safi, afisa wa zamu hakuyafuata, kijana ni mdogo atapata karipio atakua, wewe jina lako liko kwenye orodha ya kupandishwa kuwa kepteni mwaka huu na likitoka halirudi. Na ni kweli halirudi, nawajua wenzangu waliorukwa, wanabaki kamanda wanasubiri kustaafu huku wanapigia saluti watu waliowafundisha kazi.

Mke wangu anaamini ni kosa la luteni. Hajaambiwa na mtu mwingine, ni mimi nimemuacha aamini. Juzi kasema huyo kijana angekuua, na mi nikanyamaza nikaenda kuoga.

Mzee niambie kama baba. Nikisema ile simu nimejimaliza mwenyewe kwa mkono wangu. Nisiposema, kijana anamalizika na mi naenda kuwa kepteni. Je nikinyamaza, alafu baadae nikiwa na cheo nikamsaidia huyo kijana kuinuka, haiwezi kuwa njia ya katikati?

Kamanda asiyelala


JIBU

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nimeisoma nimesimama. Ntaanza na swali lako la mwisho ili lisikusumbue tena: hapana, hiyo sio njia ya katikati. Hiyo ni kumkopesha kijana wa watu deni ambalo ni la kwako alafu uahidi kulilipa siku ukiwa na hela, na wewe unajua kwenye jeshi afisa mwenye karipio la kukwamisha meli kwenye faili lake akiwa na miaka 26 hawezi kungojea mtu wa kumuinua, meli ya kwanza hatapewa, kozi nzuri hatapangiwa, na wewe ukifika huko juu utakuwa umezungukwa na mambo 100 na yeye atakuwa ameshaacha kazi.

Ila sitaki kukujibu kama nakuhukumu, manake ile "sawa, endelea" ya saa 9 usiku hata mimi nimeshaisema. Mtu aliyekaa macho masaa 20 akiamshwa kwa simu anaweza kujibu maneno ya maana kabisa na akili haijaamka. Ndo maana manahodha wengi wana utaratibu kwamba afisa wa zamu akipiga, nahodha lazima arudie kwa mdomo wake alichoambiwa, na asipokirudia basi afisa atume mtu akagonge mlango mpaka amuone nahodha amesimama kwa miguu yake. Kama meli yako haikuwa na utaratibu huo hilo ni pengo, na ni la kuandika kwenye maelezo. Kusinzia sio dhambi yako. Dhambi inaanza asubuhi kwenye ile karatasi, na inaendelea kukua kila siku unayoiacha hivo.

Sasa ngoja nikwambie kinachonisumbua mimi zaidi hata kuliko huyo kijana.

Mwaka 2017, tarehe 17 Juni, manowari ya Marekani USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena ACX Crystal karibu na Japani, kama saa 7 na nusu usiku. Mabaharia 7 walikufa maji ndani ya vyumba vya kulala. Nahodha alikuwa kabini kwake. Maagizo yake yalisema aitwe meli nyingine ikikaribia kuliko umbali fulani, na darajani, pale meli inapoongozwa, hawakumpigia. Haikupigwa ile simu. Miezi miwili baadae, 21 Agosti, USS John S. McCain ikagongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, wakafa 10. Uchunguzi ukaongelea mengi, uchovu, mafunzo, zamu zilizopangwa vibaya, na jeshi lao likaja kubadilisha mpaka ratiba za zamu ili watu walale kulingana na mwili unavyotaka. Lakini kwa Fitzgerald mimi huwa narudi pale pale kila nikikumbuka, luteni na simu iliyokuwa karibu na mkono wake.

Wewe luteni wako alipiga. Alifanya kile ambacho sisi wote tuliowahi kuwa na meli tunaomba Mungu luteni wetu afanye. Alisoma kina, akaona hakifanani na chati, akahisi mkondo, akashinda ile hofu ya kumuamsha mkubwa aliyechoka, akanyanyua simu. Na wewe unataka kwenda mbele ya baraza uthibitishe kwa meli nzima kwamba ukimpigia nahodha na usipompigia, mwisho wa siku mzigo ni wako peke yako. Unafikiri hiyo stori itabaki kwenye meli yako? Vyumba vya maafisa vijana vinajua kila kitu. Mwakani kwenye meli nyingine kabisa kuna luteni mwingine ataangalia simu atasema aah, ya nini, kwani yule mwenzetu ilimsaidia nini. Na kwenye hiyo meli fungu linaweza lisiwe la mchanga.

Mimi nikiwa luteni nilikuwa na nahodha aliyetukana akiamshwa. Nilimwamsha mara moja kwa boti za wavuvi zisizo na taa, akapanda juu, akaangalia, akaniambia mbele ya mshika usukani nimemharibia usingizi kwa mitumbwi. Baada ya pale hakuna afisa kwenye meli ile aliyempigia tena kwa hiari, tulikuwa tunapiga pale tu namba ya kwenye maagizo ilipofikiwa kabisa, na mara nyingine tulijidanganya kwamba bado haijafikiwa. Miaka yote niliyokaa kwenye mabaraza ya uchunguzi baadae nilikuwa natafuta kitu kimoja kabla ya vyote, je kwenye hii meli watu walikuwa wanaogopa kupiga simu. Kwako walikuwa hawaogopi. Hicho ulikijenga wewe, mwanangu, na ni kitu kikubwa kuliko cheo, usikibomoe kwa mkono wako.

Kuhusu huyo mkubwa wako. Simjui na inawezekana anakupenda kweli, wengi wanaotoa ushauri wa aina hiyo wanakupenda. Lakini amekosea hata kwa hesabu zake mwenyewe. Anahesabu kama vile mnajua wawili tu. Darajani usiku? Kulikuwa na mshika usukani amesimama hatua chache kutoka kwenye simu, kulikuwa na mtu wa kuangalia nje, kulikuwa na mtu kwenye rada. Wamesikia nusu nzima ya mazungumzo, "afande kina kinapungua". Nani kati yao atakayeulizwa na mjumbe wa baraza "je afisa wa zamu alimwita nahodha?" alafu aseme uongo kwa kiapo kwa ajili yako, na wewe unamuomba vipi afanye hivo? Hilo swali ni la kwanza kabisa kuulizwa. Mi nimeliuliza mara nyingi. Na mtu aliyegundulika alificha simu hamalizii kwenye karipio la kukwamisha meli, anaingia kwenye kosa lingine kabisa la kusema uongo, na hilo ndo linalotoa watu jeshini bila heshima.

Sikwambii kwamba ukisema kweli cheo kitakuja. Nisingependa nikudanganye kwenye barua ya kukuomba usidanganye. Wazee huwa wanapenda kuwatajia vijana mfano wa Chester Nimitz na mimi pia naupenda, kwa sababu ni wa kweli: Julai 1908, ana miaka 23, yuko na cheo cha chini kabisa cha afisa, amepewa meli ya kivita inaitwa Decatur, akaingia Batangas huko Ufilipino jioni, akakadiria mahali alipo badala ya kupima, hakuangalia kama maji yanajaa au yanapwa, akaipandisha kwenye tope. Akaripoti mwenyewe. Meli ikavutwa kesho yake. Mahakama ya kijeshi ikamkuta na hatia ya uzembe kazini akapewa karipio. Na bado Januari 1910 akapandishwa cheo akarukishwa ngazi moja, Desemba 1941 akapewa jeshi zima la majini la Pasifiki, na tarehe 2 Septemba 1945 ni yeye aliyesaini kwa niaba ya Marekani pale Japani iliposalimu amri juu ya USS Missouri. Mfano mtamu. Lakini Nimitz alikuwa kijana, yuko mwanzo wa ngazi. Wewe hauko pale. Luteni wako ndo yuko pale. Ukitaka kuutumia mfano wa Nimitz utumie kwa ajili yake.

Wa kwako ni Edward Watson. Tarehe 8 Septemba 1923 alikuwa kepteni anaongoza kundi la manowari kwenye pwani ya California, ukungu, mwendo wa noti 20, meli zinafuatana, na hesabu ya mahali walipo ilikuwa mbaya. Meli 7 zikapanda miamba ya mahali panaitwa Honda Point moja baada ya nyingine kwa dakika chache, watu 23 wakafa. Alipofika mbele ya wachunguzi alisema jukumu ni lake, hakuwasukumia wale waliokuwa chini yake waliofuata taa yake. Mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani, ikamshusha kwenye orodha ya ukubwa kazini, na uadmirali hakuupata kamwe. Alistaafu na cheo kile kile. Nakupa huyu kwa sababu ni bora ujue bei kabla hujaingia. Maafisa waliokuwa chini yake baadhi yao waliendelea na kazi zao, na mi naona hilo ni jambo kubwa la mtu kufanya kwa miaka yake iliyobaki.

Na hata bila ya fungu, ulishajua njia ya mbele ilikuwa nyembamba kiasi gani. Chukua Marekani, sheria yao ya 1980 inakadiria kamanda anafikiriwa kuwa kepteni karibu na mwaka wa 22 wa utumishi, na kati ya makamanda wanaofikiriwa kwa zamu yao ni kama nusu tu wanaopita, na baada ya hapo kutoka kepteni kwenda juu ni wachache wa kuhesabu. Kila jeshi lina namba zake lakini umbo ni hilo hilo, pembetatu. Nusu ya watu wazuri, wasiowahi kukwamisha hata boti ya mazoezi, wanabaki kamanda. Hawakumalizika. Wewe umeandika wanasubiri kustaafu huku wanapiga saluti kwa wanafunzi wao, na kweli wapo wa hivo, ila mi nawajua pia waliokuwa walimu wa uongozaji meli ambao manahodha wote wa leo wanataja majina yao kwa heshima.

Sasa tuje kwenye kazi, manake siku 12 ni chache na umeshapoteza usiku nne bila kulala.

Kesho tafuta afisa mtetezi au wakili anayejua sheria za jeshi lenu. Kabla ya kuandika neno, kabla ya kumuona mkubwa wako tena. Una haki zako kama mtu anayeweza kushtakiwa na kukiri kwako kuna njia yake ya kisheria, mi sio wakili na sitajifanya. Mwambie yeye kila kitu, mpaka ile sentensi ya luteni mlangoni. Kisha pamoja naye muandike maelezo ya nyongeza, yafike kwa baraza kabla halijakaa. Hapa siku zina uzito sana. Mtu aliyeleta mwenyewe kabla hajaulizwa ni mtu mmoja, na aliyesema baada ya mshika usukani kutoa ushahidi ni mwingine, hata kama maneno ni yale yale.

Huyo kijana usimfuate. Najua unataka kumwita umwambie badilisha maelezo yako, nimeamua kusema. Usifanye hivo. Yeye ni shahidi, wewe ni mkubwa wake, na neno lolote utakalomwambia kuhusu ushahidi wake linaweza kuonekana ni kumpanga, hata kama unampanga aseme kweli. Weka karatasi yako kwanza, na kupitia wakili baraza liombwe limsikilize upya. Kijana naye kaandika maelezo yenye shimo, kwa kukulinda wewe, na hilo linaweza kumuunguza. Karatasi yako ikitangulia ndo maji ya kuzimia huo moto.

Kwenye maelezo usibebe na visivyo vyako. Hii nakwambia kwa sababu watu wenye hatia kama wewe huwa wanataka kupiga magoti kabisa na kusema yote ni mimi, na hiyo pia sio kweli. Luteni alikuwa na mamlaka ya kusimamisha meli au kuigeuza kuelekea maji ya kina bila kukungoja, afisa wa zamu anayo hiyo siku zote, na alikuwa na dakika 24 za kukupigia mara ya pili. Kwanini hakufanya? Labda kwasababu nahodha wake alimwambia endelea. Ndo uandike hivo hivo, alipiga saa 9 na dakika 10, alisema hivi, nilijibu hivi, na amri yangu ya kuendelea ndo aliyoifuata. Baraza litapima sehemu yake lenyewe. Na zile barua mbili za kuomba afisa wa tatu ziambatanishe, nakala zenye tarehe, sio kama kisingizio, ni kwa sababu meli nyingine pia zinatembea na zamu mbili usiku huu na kuna mtu makao makuu anatakiwa aulizwe. Injini iliyosumbua iko kwenye daftari la mashine, masaa yako 20 yatathibitika hapo.

Kuhusu maisha baada ya hapo ntapita haraka, utaniandikia tena tukifika. Ukibaki, kuna shule ya uongozaji meli, kuna upimaji wa bahari, kuna operesheni za pwani, na afisa aliyekwamisha meli akasema kweli ni mwalimu ambaye hamna kadeti atakayesinzia kwenye darasa lake. Ukitoka, usidhani cheti chako cha jeshi kinakupeleka moja kwa moja kwenye meli za biashara. Mkataba wa STCW wa 1978 unaosimamia vyeti vya mabaharia hauhusu manowari, kwahiyo itabidi uende kwenye mamlaka ya usafiri wa baharini ya nchi yako na kumbukumbu zako za siku za baharini wakuambie wanakubali zipi na mitihani ipi imebaki. Anza kukusanya hizo kumbukumbu sasa hivi wakati makarani wa meli bado ni wa kwako. Kuna urubani wa meli bandarini, kuna vituo vya kuongoza meli, kuna usalama wa bandari na makampuni ya meli, kote huko wanamtafuta mtu aliyewahi kuongoza meli yake mwenyewe.

Limebaki la mkeo, na hili nakuomba lifanyike leo usiku, kabla hata ya wakili. Umemuacha amchukie mtoto wa watu siku zote hizi na wewe ukaenda kuoga. Usimwandalie hotuba. Mwambie tu, yule kijana alinipigia simu, nikamwambia endelea. Atakasirika, na hasira nyingine itakuwa kwa sababu umemficha, hiyo ipokee bila kujitetea. Miaka 21 amekusubiri bandarini na kwenye simu zisizoshika, habari ya mumewe asije kuisikia kwa mke wa afisa mwingine baraza likishaanza.

Ukishakabidhi karatasi niandikie hata mstari mmoja, ata kama ni usiku. Na cheo cha luteni wako kikija kufikiriwa siku moja ukaombwa maoni, uandike kwamba saa 9 na dakika 10 alipiga simu.